Hori la barafu kando ya uwanja

Ilikuwa Agosti, wiki ya kwanza ya maandalizi ya msimu wa mpira wa Kimarekani katika chuo kimoja cha Georgia. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya utabibu wa wanamichezo, kwenye kile kipindi cha lazima ambacho mwanafunzi hushinda na timu kutwa kwa wiki zisizopungua nne. Kule Tanga bado walidhani nasomea ukocha. Kuingia tu kwenye programu kulidai biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia, na siku ile kila somo lilipata kazi yake. Saikolojia ilikuwa ya makocha.

Matayarisho yalianza alfajiri. Hori la plastiki la kunyweshea ng'ombe, la lita kama 570, liliwekwa kivulini na kujazwa maji nusu tu, tayari kumpoza mchezaji atakayezidiwa na joto. Mtu wa kilo 140 akiingia, maji hupanda. Hori likiwa pomoni, maji humwagika pamoja na barafu. Barafu yenyewe ilisubiri pembeni kwenye maboksi ya kupozea, kwa sababu ikitiwa mapema huyeyuka kabla haijahitajika.

Kipimo cha WBGT, kinachojumlisha joto la hewa, unyevunyevu, jua na upepo, kilisoma nyuzi 31.4 za Selsiasi. Msimamizi wangu alifuata jedwali la shule za sekondari za Georgia: kati ya 30.6 na 32.2, mazoezi yasizidi saa mbili, na wachezaji wasivae zaidi ya helmeti, pedi za mabega na kaptura. Ikipita 33.3, hakuna mazoezi ya nje.

Mchezaji mmoja wa safu ya mbele akaanza kukimbilia upande usio wake. Mwenzake alipomshika mkono alimtukana, akapepesuka, akaanguka. Jasho lilikuwa likimtiririka, na hapo ndipo wengi hupotea: wanangoja ngozi ikauke. Kiharusi cha joto kinachotokana na mazoezi humkuta mtu akiwa bado analowa. Dalili ya kushika ni akili kuvurugika.

Tulimvua vifaa, tukatia barafu, na msimamizi akaingiza waya wa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, sentimita 15. Kipimo cha kwapani, sikioni au cha paji la uso hakifai hapa; jasho na upepo hukishusha, nawe ukaamini mtu ana nyuzi 38 kumbe ndani anaungua. Kilisoma 41.7. Kuanzia 40.5, akili ikiwa imevurugika, hakuna mjadala.

Akatumbukizwa hadi kifuani, shuka imepitishwa chini ya makwapa na watu wawili wameishika ili kichwa kisizame. Mimi nilikoroga maji na kutaja vipimo. Kukoroga si pambo: maji yanayogusa ngozi hupata joto na kuufunika mwili kama blanketi, hivyo lazima yaondolewe muda wote. Taulo la baridi kichwani lilibadilishwa kila liliposhika uvuguvugu.

Gari la wagonjwa lilifika joto likiwa 40.3. Wahudumu walitaka kuondoka naye papo hapo. Msimamizi aliwajibu kwa upole, bila kuachia shuka: kwanza apoe, halafu asafirishwe. Ndani ya gari hakuna hori, na kinachoumiza ubongo na viungo ni muda unaopita joto likiwa juu. Lengo ni kulishusha ndani ya nusu saa. Kwa nyuzi kama 0.2 kila dakika, hesabu ilikuwa wazi. Ilipofika 38.9 tukamtoa. Ukimwacha zaidi, mwili huendelea kushuka wenyewe hadi ubaridi wa hatari. Alikuwa tayari anauliza helmeti yake iko wapi.

Baada ya hospitali alikaa siku saba bila zoezi lolote, kisha daktari akapima damu kuangalia figo, ini na misuli. Alirudi kwa hatua: mazoezi mepesi ndani penye ubaridi, halafu juani bila vifaa, halafu helmeti, pedi mwisho. Alipovaa vifaa kamili, mimi nilikuwa nimehamishiwa kliniki ya mifupa, jioni nikijiandaa kwa mtihani wa BOC, bodi inayothibitisha watabibu wa wanamichezo: maswali 175, saa nne, na karibu kila jimbo la Marekani linaudai kabla ya kukupa leseni.