Mkanda wa Kahawia na Alama za Nyayo Mchangani

Nilipoarifiwa kwamba mtihani wa mkanda wa kahawia ungefanyika wiki ya tatu baada ya Idd, nilikuwa na umri wa miaka 43, na goti la kulia lilikuwa likiniuma kila nilipopanda ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa. Karate ya Shotokan, ambayo Gichin Funakoshi aliipeleka Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, hutahiniwa katika mambo matatu: mapigo ya msingi, kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa unaochezwa peke yako, na mapigano. Mapigo sikuyahofia, na katika mapigano nilijua vijana wangenipiga hata nikijiandaa vipi. Kilichoninyima usingizi kilikuwa kata ya Tekki Shodan.

Kata hiyo ina miondoko 29, na anayeicheza haendi mbele wala harudi nyuma, bali husogea kulia na kushoto katika mstari mmoja, magoti yamekunjwa kama ya mpanda farasi na nyayo zikiwa sambamba. Kwa ujinga wangu niliiona nyepesi, tena nikafurahi kuwa inaenea katika ujia wetu mwembamba. Mwezi mzima wa Ramadhani niliicheza humo baada ya tarawehe, nikiwa nimefuturu kwa tende na uji tu, kwa kuwa usiku niliotangulia kula mbaazi za nazi na mahamri nusura nitapike.

Mwalimu wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinitazama mara moja akasema, "Mwanangu, sakafu inakufichia makosa. Nenda ukacheze mchangani."

Jumapili baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, nilikwenda ufuo wa Nyali nikaicheza kata yote, kisha nikainama kuzikagua alama zangu. Vidole vilikuwa vimeelekea nje kama vya bata. Kibaya zaidi, katika Tekki kuna tendo liitwalo nami-gaeshi, yaani wimbi linalorejea, ambapo unyayo hunyanyuliwa kwa kasi mbele ya paja la pili kisha ukarudi pale pale ulipotoka; wangu ulikuwa ukitua karibu shibiri nzima mbele ya alama yake. Nilikuwa nikiinuka mwili mzima kabla ya kuinua mguu, na uzito ukishahama, mguu hauna njia ya kurudi kwake. Basi niliacha kata, nikarudia tendo hilo peke yake mara 50 kila upande, huku mwenye ngamia wa kupandisha watalii akiniuliza farasi wangu yuko wapi. Nilipozinyoosha nyayo, hata goti lilipunguza kuuma, jambo ambalo dawa za kuchua hazikuwa zimeliweza.

Siku ya mtihani joto lilikuwa kali na koti lilikuwa limelowa kabla hata sijaitwa. Watahini walinirudisha kucheza kata mara ya pili, kijana mmoja akanipasua mdomo katika mapigano, na jioni nikafungwa mkanda wa kahawia pamoja na onyo kwamba nyonga zangu bado ni nzito.

Baadaye nilijipa likizo ya wiki tatu, nami nakiri kwamba haikuwa ya kupumzisha goti bali ya kujivuna. Niliporudi, mtoto wa mkanda wa njano aliniomba nimwonyeshe Heian Shodan, kata ya kwanza kabisa, ya miondoko 21, nami nikageukia upande usio wake. Alinisahihisha kwa adabu kubwa: "Samahani, mjomba, ni kushoto." Tangu siku hiyo kila zoezi nalianza kwa Heian Shodan, polepole, nikiiacha nyonga igeuke kwanza na ngumi ifuate, na Tekki naiwekea Jumapili, maji yakikupwa mapema. Jumapili iliyopita mguu wa kulia ulirudi ndani ya alama yake mara zote. Wa kushoto ulipitiliza kwa upana wa vidole viwili.