Safari ya kwetu isiyo ya msiba

Sisi wa Tukuyu tunaoishi Dar tunarudi nyumbani kwa misiba. Simu inalia usiku, mchango unapitishwa, alfajiri mko Magufuli Terminal, mnazika, mnaanua matanga, mnarudi kazini. Kwa miaka mingi ndivyo nilivyoijua barabara ya kutoka Uyole hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, macho mekundu na kanga begani. Mwaka huu mwezi Juni hakuna aliyefariki, nikasema safari hii naenda kutembea. Shemeji yangu, mtu wa Tanga aliyemuoa dada yangu, akadakia kuwa tunakwenda wote, maana ukweni alifika siku ya mahari tu na hakuona kitu zaidi ya sebule.

Njia ya Dar hadi Mbeya siielezi. Mikumi mnaijua, Kitonga mnaijua. Nitakachosema ni kwamba tulikata tiketi za bei ya juu ili tukae kwa raha, na siti yangu haikulala hata kidogo, na kiyoyozi kilizimwa Morogoro hakikuwashwa tena. Nilipomuuliza kondakta akaniambia nifungue dirisha. Madirisha ya basi lile hayafunguki.

Uyole tukahamia kwenye Coaster. Konda aliapa siti zipo, tulipoingia tukapewa ndoo ya rangi tuikalie katikati, kwa nauli ileile ya waliokaa kwenye viti. Lakini njia ile inasamehesha mengi. Ukipanda kidogo tu baridi inaanza, magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara, migomba inashuka mabonde kwa mabonde, na mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000, unakaa pembeni yako kama mzee wa ukoo aliyeketi mlangoni. Shemeji aliacha kulalamikia ndoo.

Ziwa Ngosi lina njia yake pale Mbeya One. Mnatembea msituni kwa kupanda, mianzi huku na huku, tope jeusi linateleza, mpaka mnafika kwenye ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, na ziwa liko chini kabisa. Wenyeji watakuambia lina umbo la ramani ya Afrika. Sisi tulilipa kiingilio, tukamlipa na kijana wa kutuongoza, tukaona ukungu. Kijana alitueleza wazi kuwa tumechelewa, tungeanza kupanda alfajiri. Yule aliyetuuzia safari hiyo mjini jana yake hakulisema hilo. Kwa hiyo mkienda, laleni karibu na muanze kabla jua halijachomoza vizuri.

Daraja la Mungu na Kijungu havihitaji bahati. Viko karibu na Chuo cha Magereza cha Kiwira, na mto ni huohuo, Kiwira. Pale darajani volkano iliacha mwamba umevuka mto kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yanapita chini yake. Kijungu ndicho kilichomshika shemeji. Mto mzima unabanwa na mawe, unaingia kwenye shimo la duara, unazunguka humo ukinguruma kisha unatokea upande wa pili. Alisimama pale mpaka nikaenda kumvuta mkono. Maporomoko ya Kaporogwe nayo msiyaache, yale ambayo mtu anaweza kusimama nyuma ya maji yakidondoka mbele yake.

Nyumbani Tukuyu tulikaa, tukala ndizi, tukanyeshewa. Mama wadogo waliponiona getini bila kanga ya msiba walishtuka, wakauliza kwanza, "Kuna nini huko Dar?" Nilipojibu kuwa hakuna kitu, nimekuja tu kutembea, mmoja wao akalia. Nilikosa la kusema.

Kisha tukashuka Kyela. Mteremko ule unabadilisha nchi. Ndani ya muda mfupi sweta linavuliwa, mashamba ya chai yamekwisha, mnaingia kwenye kokoa, michikichi na mashamba ya mpunga. Lami sasa inapita Ipinda mpaka Matema, na pale mbele ya gari safu ya milima ya Livingstone inasimama imekata njia. Chini yake ndiyo Ziwa Nyasa, maji yenye kina kinachopita mita 700, na mchanga ambao mtu wa Tanga, anayejua mchanga, aliuokota mkononi na kuuchunguza. "Shem," akaniambia, "mbona hamkunionyesha hapa tangu mwanzo?" Mahari ingeongezwa, nikamjibu, tukacheka.

Chumba pale ufukweni kilikuwa cha bei ya mjini, maji ya kuoga ya ndoo, umeme wa jioni tu. Tukalipia kwa siku tulizotaka, zote kwa pamoja, maana ndiyo masharti. Hilo nitalirudia.

Asubuhi tukakodi boti ya mbao kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi, upande ambako milima inaingia ziwani moja kwa moja. Kuna njia ya miguu kwenye mawe, lakini boti ni rahisi zaidi. Mwenye boti, kijana mpole, alisema tuwahi kurudi kabla ya saa sita, kwa sababu huu ni msimu wa Mwera, upepo wa kusini. Shemeji, ambaye babu zake walikuwa wavuvi wa bahari, aliyatazama maji yaliyotulia kama sakafu akaona kijana anatutisha ili aongeze bei. Tulipofika Ikombe saa nne maji yalikuwa bado yametulia.

Ikombe wanawake wanafinyanga. Tuliambiwa hivyo, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Bibi mmoja alikuwa amekaa chini kivulini, miguu ameinyoosha, chungu kimekaa juu ya kigae kikubwa. Hana gurudumu wala mashine. Mkono wa kushoto unakizungusha polepole, wa kulia umeshika kipande cha kibuyu kilichosuguliwa mpaka kikawa chembamba kama kucha, anakwangua ndani. Kila mzunguko udongo unapungua. Alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akakwangua tena upande mmoja tu, akagonga tena. Nilimsalimia, "Mwaghonile, bibi," akaitikia kwa Kiswahili, akacheka, akaniuliza mimi ni wa wapi kwa sababu naonekana Mnyakyusa ila nimevaa kama mtu wa televisheni. Akanipa chungu kilichokwisha kuchomwa nikishike. Nilijiandaa kwa uzito, mikono ikapanda juu yenyewe. Chepesi hivyo. Akasema chungu kizito kinakula kuni za mwenye nyumba.

Nikauliza bei. Shilingi 3,000. Chungu cha ukubwa huo nimekinunua Dar kwa shilingi 15,000, tena muuzaji hakujua kimetoka wapi.

Hapo ndipo upepo ulipoanza. Haukuja kidogokidogo. Kijana wa boti alikuja mbio, akatazama ziwa, akaanza kuivuta boti juu ya mchanga badala ya kuishusha majini, tukaelewa. Mawimbi yaliyokuja baada ya hapo sikuwahi kuyadhania kwenye maji yasiyo na chumvi. Yalikuwa yanapasuka kwenye mawe na kurusha povu mpaka kwenye migomba. Shemeji alinyamaza kabisa, kisha akamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, wewe ndiye nahodha. Ukisema hatuondoki, hatuondoki." Na hatukuondoka.

Yule bibi hakutuuliza. Alimtuma mjukuu achinje kuku, mimi nikakataa, tukakubaliana kwa usipa, dagaa wa ziwa hili, na ugali wa muhogo. Usiku ziwa lilikuwa jeusi tupu, hakuna taa hata moja ya wavuvi, kwa sababu katika Mwera hakuna anayevua. Alitusimulia kuwa alipokuwa msichana watu wa Ukinga walikuwa wakishuka ule mlima wima na viazi vichwani, wanabadilishana kwa samaki na vyungu, kisha wanapanda tena jioni hiyohiyo. Alikuwa anaonyesha mlima kwa kidevu, gizani. Nikamuuliza nani anajifunza kufinyanga sasa. Alitaja binti mmoja. Wengine wako Mbeya, Tunduma, Dar. "Wanarudi kwa misiba," akasema.

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya mkeka.

Maji yalitulia alfajiri. Matema tulipofika, mwenye nyumba ya wageni alikuwa amewapa watu wengine chumba chetu, mizigo yetu imewekwa stoo, na fedha ya usiku ule akasema hairudishwi kwa sababu "hamkutoa taarifa." Tungetoaje taarifa kutoka Ikombe na mtandao haupo? Aliuza chumba kimoja mara mbili kwa usiku mmoja. Nimeudhika mpaka leo, na nasema wazi: Kyela na Matema wakitaka watalii wa ndani, watu wa namna hii waache.

Jumamosi yake soko la vyungu lilikuwa Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu ufukweni kutoka Matema. Mitumbwi inaingia imejaa vyungu vilivyopangwa kwa majani makavu, kimoja ndani ya kingine, na wanawake wanaviteremsha wakiviweka mchangani kwa safu. Wachuuzi wa Mbeya na Kyela wamefika mapema na malori madogo. Hapo ndipo nilipoona safari ya kile chungu cha shilingi 15,000 inaanzia wapi, na nani anabaki na nini.

Watu wananiuliza sasa waende wapi Tanzania zaidi ya Zanzibar na Serengeti. Nawaambia huku. Kama unaweza kuchagua mwezi, nenda kati ya Desemba na Aprili upande pia Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa juu ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Juni maua hayapo, ndiyo maana sisi hatukupanda. Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57 na mvua inaitia utelezi, kwa hiyo tafuta dereva wa hukohuko. Na usikubali kuuziwa chikanda. Vile viazi vya okidi vinachimbwa porini kwa ajili ya soko la Zambia, na ua likichimbwa mzizi halirudi.

Kwa Matema, panga ufike Ijumaa ili Jumamosi uwe Lyulilo asubuhi. Lipa chumba kwa usiku mmoja mmoja hata wakinuna. Chukua fedha taslimu, shuka ya ziada, na nguo nzito za Tukuyu uzifunge chini ya begi. Ikombe nenda mapema, na mwenye boti akisema Mwera unakuja, mwamini. Vyungu omba vifungwe kwa nyasi, vyetu vilifika Dar vyote vizima juu ya mapaja ya shemeji, ambaye alikataa katakata visiingizwe kwenye buti la basi. Na bei anayoitaja bibi wa Ikombe usiishushe.