Ya Kulia Waachie Wenyewe

Arusi ya binti ya khali imepita salama na mitihani ya muhula imekwisha, lakini kilichonikaa moyoni wiki hii ni neno moja la Ami. Nilimpa asome onyesho la kwanza la tamthilia yangu mpya, ile ya mjane na nahodha asiyerudi, naye akamaliza kahawa yake, akanirudishia karatasi na kusema: "Mwanangu, wewe Mungu amekujalia kuchekesha, ya kulia waachie wenyewe." Nami nikajibu, "Inshallah, Ami," kana kwamba nimeombewa dua.

Wenyewe ni nani? Nimelirudia swali hilo nikisahihisha madaftari, nikishuka Langoni kununua samaki, hata katikati ya taarabu ya arusi. Laiti ningemjibu kwa Billy Wilder, mwongozaji wa filamu ambaye wengi humkumbuka kwa Some Like It Hot ya mwaka 1959, ya wanamuziki wawili wanaovaa magauni na kujificha katika bendi ya wanawake. Na kinachowakimbiza, tusisahau, ni mauaji waliyoyashuhudia. Ndiye huyo huyo aliyeongoza Double Indemnity mwaka 1944, habari ya wakala wa bima anayemuua mume wa hawara yake, kisha The Lost Weekend, kisa cha mlevi kilichompatia Oscar za uongozaji na uandishi. Alikuwa ameikimbia Berlin mwaka 1933, na mama yake aliuawa na Wanazi. Huyo nani angemwambia ya kulia si yake?

Jana usiku niliitazama tena filamu yake The Apartment ya mwaka 1960, na hasira ikapungua. Mwigizaji Jack Lemmon, yule yule aliyevaa gauni mwaka mmoja kabla, anachuja tambi kwa raketi ya tenisi, nami nacheka kana kwamba sijapata kuiona, ilhali mgeni anayempikia ni msichana mwendesha lifti aliyemeza vidonge vya usingizi kitandani mwake mkesha wa Krismasi. Sikuona mahali kicheko kilipokomea ili huzuni ipite. Basi nimeamua: mjane wangu atacheka, tena atacheka akiwa ndani ya eda, mbele ya mawifi, na Ami ajiamulie mwenyewe amkemee au acheke naye.

Sasa kinachoninyima usingizi ni boriti ya chumba cha juu, inayomwaga unga kila asubuhi juu ya kabati la vitabu. Fundi anasema ingoje, naye hajapanda hata kuitazama, na masika ndiyo haya yameingia.