Kumbukumbu ya mradi: Land Rover 109 ya mnada, kutoka uani hadi kuwaka

Gari ni Land Rover Series III, 109 (urefu kati ya ekseli, kwa inchi), pikapu, injini ya dizeli ya cc 2,286. Limetoka kwenye mnada wa hadhara wa magari chakavu ya serikali, yadi ya bara, mbali na chumvi ya pwani. Hali lilipofika: injini imekamata, kanyagio la breki linazama hadi chini, betri na rejeta hazipo, kiti kimoja tu. Chasisi nzima isipokuwa mwisho wa nyuma.

Kabla ya nyundo ya dalali

Tangazo la mnada wa aina hii lina maneno machache yanayopaswa kusomwa taratibu: gari litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Ukishapigiwa nyundo, kilichokosekana kimekosekana. Masharti ya kawaida Tanzania ni amana ya asilimia 25 papo hapo, salio ndani ya siku 14, na gari kuondolewa ndani ya siku 7 baada ya malipo kukamilika. Ukishindwa kumalizia, amana hairudi. Watu huzihesabu hizo 14 na kuzisahau hizo 7. Gari lisilo na matairi, lililozama kwenye udongo mweusi, halitoki kwa siku moja, kwa hiyo lori la kubebea litafutwe kabla ya mnada.

Siku mbili za ukaguzi zinatosha kama unajua unachotafuta. Vifaa: nyundo ndogo, tochi, sumaku na simu yenye nafasi ya picha. Nyundo ni ya chasisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza ndani kinatoa sauti butu kama debe lenye unga. Gonga chini na pembeni, hasa mabano ya springi, mikono inayoshika bodi, na krosimemba ya nyuma, ile boriti ya kukingama mwishoni mwa chasisi. Sumaku ni ya bodi. Mabati ya bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, hayashiki sumaku. Ikishika kwenye madigadi, ujue fundi wa mtaani amekwishaweka bati la kawaida, na pale lilipokutana na aluminiamu utakuta unga mweupe wa ulikaji chini ya rangi.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye bano la springi ya mbele upande wa kulia, chini ya matope na grisi. Pakwangue, soma, linganisha na orodha ya mnada. Namba isiyosomeka au iliyopitiwa na grenda ina maana moja tu: ondoka, hata kama gari linauzwa bei ya pikipiki. Magari yenye namba za misamaha ya kodi, kama DFP za miradi ya wafadhili, humwachia mnunuzi deni la kodi, na deni hilo linaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Hili lilikuwa na namba za ST, za serikali, ambazo haziendi na mnunuzi. Kwa hati ya mauzo na risiti, linasajiliwa upya kwa namba za T, za watu binafsi.

Piga picha kila kitu chini ya boneti siku ya ukaguzi. Gari la mnada huliwa usiku. Stata, alteneta na nozo (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) ndizo za kwanza kuondoka.

Namna ya kupanga bei: kwanza karatasi, pili chasisi, tatu ukuta wa chuma unaotenga injini na kebini (hasa pa kuwekea miguu, ndipo panapooza), nne pampu ya dizeli. Injini kukamata hakupaswi kumtisha mtu. Pistoni, ringi na gasketi zinapatikana. Pampu ni DPA ya kampuni ya CAV, familia ileile iliyofungwa kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson yenye injini za Perkins, kwa hiyo fundi pampu wa mji wowote wenye mashamba anaijua. Chasisi iliyooza mabano yote manne ndiyo inayokula pesa na miezi.

Kulitoa uani

Magurudumu ya nyuma yaligoma kuzunguka. Wengi hapa hufungua ngoma za nyuma na kupoteza siku nzima. Kwenye Land Rover hii breki ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko kwenye ngoma moja nyuma ya gia boksi na inashika propela ya nyuma, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Fungua nati nne za propela upande wa difu, shusha propela, magurudumu yako huru. Ilichukua dakika 20, na 15 kati ya hizo zilikuwa za kusubiri mafuta ya kulainisha kutu. Toa na propela ya mbele pia, kwa sababu gia boksi ambayo hujui ina oili kiasi gani haifai kuzungushwa kilomita hata moja.

Neno kuhusu spana. Nati nyingi za gari hili ni za inchi. Spana 19 inakaa vizuri kwenye 3/4 kwa sababu tofauti ni nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Spana 13 kwenye 1/2 inacheza milimita 0.3, na kwenye nati yenye kutu hiyo inatosha kuiviringisha. Spana 14 kwenye 9/16 haiingii kabisa, ndipo watu wanapochukua spana ya malaya (ile ya kurekebisha mdomo) na kuharibu kila kitu. Seti ndogo ya inchi ni 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4.

Kukwamua injini

Usilivute gari likiwa kwenye gia ya pili, na usipige stata. Injini iliyokaa miaka ikilazimishwa, ringi zilizoshikwa na kutu hukatika, au valvu iliyoganda inabaki wazi na pushirodi inapinda. Uharibifu huo haukuwepo siku ya mnada, umeuleta mwenyewe.

Nozo zote nne zilitolewa, pamoja na plagi za hita, zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha. Silinda ya 3 ilitoa maji ya rangi ya chai. Kisafisha hewa kilikuwa kimeshachukuliwa, mdomo wa manifoldi ukabaki wazi chini ya mvua, na injini ilisimama valvu ya kuingiza hewa ya silinda hiyo ikiwa wazi. Hii ndiyo sababu ya kutoa nozo kabla ya kuzungusha chochote, maana maji hayashindiliki, na pistoni ikiyakuta juu inapinda mkono wake.

Mchanganyiko: nusu dizeli, nusu oili ya gia boksi za otomatiki, mililita 40 hivi kila silinda kupitia tundu la plagi ya hita. Siku ya kwanza hakuna kilichosogea. Siku ya tatu mpini wa kuzungushia injini, ule wa mbele, ulisogea nyuzi chache. Ukisogea kidogo, acha, rudisha, ongeza mchanganyiko, subiri kesho. Mtikiso wa kwenda na kurudi ndio unaosaga kutu, nguvu haisaidii. Siku ya tano ikazunguka mzunguko mzima.

Kisha kifuniko cha roka kikafunguliwa na valvu 8 kuangaliwa moja moja injini ikizungushwa. Moja, ya moshi ya silinda ya 3, ilibaki chini. Dawa ilikuwa kuigonga kichwani kwa nyundo ya mbao na mafuta mepesi, kwa upole, mpaka springi yake ikairudisha yenyewe. Pushirodi yake ilitolewa na kuviringishwa juu ya kioo. Haikupinda.

Nafasi ya tapeti, ule uwazi kati ya roka na valvu, ni milimita 0.25 kwa valvu zote, za kuingiza na za moshi. Hesabu yake ni ya tisa. Ukihesabu valvu kutoka mbele, ya 8 ikiwa imefunguka kabisa rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka rekebisha ya 3, ya 4 kwa ya 5, ya 7 kwa ya 2, na kinyume chake. Jumla ikiwa si 9, umekosea.

Dizeli na upepo

Tangi liko chini ya kiti, lilikuwa na tope la dizeli ya zamani lenye harufu ya rangi. Lilitolewa lote, likaoshwa, na bomba la kunyonyea likapulizwa. Usijaribu kusafisha likiwa ndani ya gari, uchafu hubaki pembeni na kurudi kwenye filta wiki ya pili.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli, kuna mpangilio wake. Legeza skrubu ya filta, piga mkono wa pampu ndogo ya kupandishia mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Ukihisi mkono huo hauna uzito wowote, pampu haijafa. Kinundu cha kamshafti kimeusukuma hadi mwisho, zungusha injini mzunguko mmoja na ujaribu tena. Kisha kwenye DPA fungua skrubu ya ubavuni kwanza, halafu ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana. Ukianza na ya juu, upepo unabaki chini nawe unarudia kazi. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozo, piga stata mpaka zote nne zitoe, kaza.

Hapa ndipo tulipokwama kwa wikiendi mbili. Dizeli ilifika kwenye pampu, haikutoka kwenye nozo. Kwenye DPA iliyokaa, valvu ndogo ya kupimia dizeli huganda kwa gundi ya dizeli iliyooza. Ikiganda imefungwa, gari haliwaki. Ikiganda imefunguka ni hatari zaidi, injini inapanda mizunguko na haisikii kanyagio wala waya wa kuzimia. Pampu ilijazwa dizeli safi na kuachwa siku mbili, valvu ikalegea. Hata hivyo, mara ya kwanza kuwasha kulikuwa na mtu mwenye kipande cha mbao bapa mbele ya mdomo wa manifoldi. Zima injini ya dizeli kwa kuinyima hewa, na usitumie mkono.

Plagi za hita

Plagi za asili za injini hii zimeungwa kwa mfuatano, umeme unapita moja hadi nyingine. Moja ikikatika, zote nne zimekufa, na fundi asiyejua anabadilisha betri. Zilipimwa moja moja, mbili zilikuwa zimekatika. Badala ya kutafuta za aina hiyo, zimewekwa za aina mpya zinazoungwa sambamba, kila moja ikipata volti za betri moja kwa moja na kurudisha umeme kupitia silinda hedi.

Mabadiliko hayo yana mitego miwili. Waya wa asili unaoipeleka plagi ya mwisho kwenye bodi lazima utolewe, ukiuacha umetengeneza shoti kamili kutoka betri. Pia kipingamizi cha zamani kwenye ukuta kinarukwa. Plagi nne sambamba zinakula umeme mwingi kuliko swichi ya ufunguo inavyoweza kubeba, kwa hiyo kuna rilei, fyuzi na waya mnene. Waya mwembamba ndio unaoyeyuka, kisha watu wanalaumu Land Rover.

Baada ya hapo iliwaka kwenye jaribio la nne. Moshi mweupe dakika kumi za kwanza, kisha bluu hafifu kutoka silinda ya 3, unaopungua kila inapowashwa.

Breki

109 ya silinda nne ina silinda ndogo sita: mbili kila gurudumu la mbele, moja kila la nyuma. Zote sita zilikuwa zimeshika kutu na zimebadilishwa, pamoja na hozi tatu za mpira. Masta silinda imefanyiwa sili mpya, lakini ikiwa na mashimo ya kutu ndani usipoteze sili, nunua nyingine.

Malalamiko ya kanyagio laini kwenye 109 ni ya siku zote, na mara nyingi sababu yake ni upepo unaonaswa kati ya silinda mbili za mbele. Kaza virekebishaji vya brekishu zote mpaka magurudumu yagome, ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Brekishu zikibana ngoma, pistoni hazisogei mbali wakati wa kutoa upepo. Ukimaliza, legeza mpaka gurudumu lizunguke kwa mguso mdogo tu. Kanyagio lililokuwa likizama sasa linasimama nusu.

Krosimemba na oili

Krosimemba ya nyuma imekatwa na kuchomelewa mpya kwa bati la milimita 2. Kabla ya kukata: tangi nje, waya za betri na alteneta zimetolewa, chasisi imekaa kwenye stendi nne, na mishazari miwili imepimwa na kuandikwa kwenye chasisi yenyewe kwa chaki. Mchomeleo mfupi kushoto, mfupi kulia, usiende moja kwa moja, chuma kitavuta. Matundu ya kutoa maji yaachwe wazi. Ndiyo yaliyoziba matope hadi krosimemba ya zamani ikaoza.

Oili zilizoingia: injini lita 6.85 pamoja na filta, gia boksi 1.5, boksi la pili (la kugawa nguvu mbele na nyuma) 2.5, difu ya mbele 1.7, difu ya nyuma ya Salisbury 2.5, vifundo vya kugeuzia magurudumu ya mbele nusu lita kila upande. Kwenye gia boksi ni EP90 ya daraja la GL-4. Za GL-5 zina kemikali zinazoweza kula bushi za shaba nyeusi.

Bado

Klachi imeganda kwenye flaiwili. Kifundo cha mbele kushoto kinadondosha oili, tufe lake lina mashimo ya kutu na sili mpya haitadumu. Rejeta ya kuazima inatosha kwa kuwasha uani tu. Kazi inayofuata ni klachi, kwa njia ya kulipasha gari moto, kulizima, kuingiza gia ya nne na kupiga stata kanyagio likiwa limekanyagwa, mbele kukiwa wazi mita 30.