Skripti inasema make ipo, kumbe haipo

Wiki iliyopita nimemaliza siku mbili nzima kwenye kitu nilichodhani cha dakika kumi. Kuna kamradi tunafanya watu watatu, mimi niko Ubuntu, jamaa mmoja ana Mac, mwingine Windows, na ndani yake kuna kipande cha C kinachobildiwa na make (zana ya kugeuza kodi kuwa programu) na kingine cha C# kinachotaka MSBuild (zana kama hiyo ya Microsoft). Kila mtu alikuwa anabildi anavyojua mwenyewe, nikaona hapana, ngoja niandike skripti moja ya Python iende yenyewe ikatafute hizo zana ziko wapi, watu waache kunipigia simu usiku.

Ubuntu haina stori. shutil.which("make"), ambayo ndo Python inavyotafuta programu iko wapi, inarudisha /usr/bin/make, imeisha hiyo. Hata Windows inafanya kazi, inaisoma PATHEXT (orodha ya Windows ya vimalizio vya mafaili ya programu) yenyewe kwa hiyo huhangaiki kuongeza .exe.

Kwenye Mac ndo nikaanza kuchekwa. Jamaa ananiandikia, "Kaka, skripti yako inasema make ipo, sasa mbona kompyuta inaniuliza kama nataka kuinstoli?" Kumbe kule /usr/bin/make unaikuta tu hata kama hujaweka kitu, ni kama mlinzi wa getini, ukimwita anaenda ndani kumtafuta mwenyewe na asipomkuta anakufungulia kidirisha uinstoli. Faili lipo, make hamna! Sasa hivi nauliza kwanza xcode-select -p, komandi ya Mac inayosema zana za kubildi ziko folda gani, ikigoma najua ndani hakuna mtu.

Akainstoli. Skripti ikapita, bildi ikapita, ila mafaili yote yametupwa kwenye folda siyo. Hii ilinitesa jamani. Makefile yangu (faili la maelekezo ya make) ina .ONESHELL, maana yake mistari yote ya risipe, yaani komandi za hatua moja, iende kwenye sheli moja, so mstari wa kwanza nafanya cd kuingia folda halafu inayofuata inaendelea humo humo. Make inayokuja na Mac ni 3.81, ya mwaka 2006, na .ONESHELL imeingia 3.82. Haikulalamika hata kidogo, ilipita tu kama haijaona, kila mstari ukapewa sheli yake na ile cd ikapotea hewani. Ya Homebrew (kiinstola cha programu cha Mac) ni mpya lakini inaitwa gmake, kwa hiyo sasa naanza kutafuta gmake ndo nije make, na naangalia /opt/homebrew/bin kwa Mac za chipu mpya na /usr/local/bin kwa za Intel.

Windows sasa. MSBuild haiwekwi kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta inatafuta programu), skripti ikazunguka ikaniletea hii:

C:\Windows\Microsoft.NET\Framework\v4.0.30319\MSBuild.exe

Nikashangilia bure. Hiyo ni ya zamani, inaishia C# 5, kila palipo na ?. (alama ya C# mpya zaidi) ikatapika makosa. Njia ya kueleweka ni vswhere, kaprogramu ka Microsoft ka kutafuta Visual Studio (programu yao ya kuandikia kodi) imeinstoliwa wapi, ambayo tangu Visual Studio 2017 inakaa sehemu moja haihami, ndani ya Program Files (x86)\Microsoft Visual Studio\Installer. Nikaiita, ikarudi mikono mitupu. Nikamwambia jamaa hujainstoli, anasema nimeinstoli, tukabishana weee, kumbe yeye kaweka Build Tools (zana za kubildi tu) peke yake bila Visual Studio yenyewe, na vswhere usipoiambia inaangalia matoleo ya Visual Studio ya Community, Professional na Enterprise tu. Lazima uandike hivi:

vswhere -latest -products * -requires Microsoft.Component.MSBuild -find MSBuild\**\Bin\MSBuild.exe

Saa moja na nusu kwa ajili ya kinyota kimoja cha -products, na kosa ni langu, maelezo yake yameandikwa sijasoma. (Halafu ukiwa PowerShell, sheli ya Windows, ukitaka kujua programu iko wapi usiandike where, andika where.exe, maana where tupu kule ni komandi nyingine kabisa na itakaa kimya tu.)

Kwa hiyo skripti sasa haimwamini mtu. Ikikuta faili inaliendesha kwanza, make naipa --version, MSBuild naipa -version, naisoma namba, ikiwa ndogo inaendelea kutafuta, na nimeiwekea kikomo cha sekunde 10 isije ikaning'inia.

Juzi mwenye Mac kaanza kuleta habari za FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, kule make ni nyingine kabisa na ya GNU, hii tunayotumia sisi, inaitwa gmake. Bahati yake gmake naitafuta ya kwanza.