Kabureta za Bandit kwenye Corolla DX

Corolla DX, ile KE70 yenye injini ya 4K, ililetwa gerejini Changamwe mwaka 2011 ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa ameng'oa kabureta ya asili akafunga nne za Mikuni BST36 za pikipiki ya Suzuki Bandit 1200. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Fundi, inakunywa, halafu inazima." Kabla ya kugusa kingine nilichomoa kijiti cha oili. Ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, nyepesi kama maji, inanuka petroli.

Hapo hupigi stata. Petroli iliyojaa silindani haibaniki kama hewa. Pistoni ikipanda nayo, konrodi, mkono unaoishika pistoni, hupinda. Nilitoa plagi zote nne, nikazungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye boliti ya puli. Silinda tatu zilipumua tu. Ile ya tatu ilitema petroli hadi kwenye madigadi.

Nikaanza na presha. Geji niliyoiunga karibu na kabureta ilisoma psi 5 (psi ni kipimo cha presha), kazi ya pampu ndogo ya umeme aliyoifunga nyuma. Sasa, Bandit haina pampu. Petroli hushuka yenyewe kutoka tangini, na petroli yenye kimo cha sentimita 30 hutoa kama psi 0.3 basi. Floti, boya linalopanda na petroli ndani ya kabureta, na sindano yake inayofunga njia petroli ikitosha, viliundwa kuzuia hiyo, si 5. Nikafunga regyuleta, kifaa cha kupunguza presha, nikaishusha hadi 2. Wengi huishia hapa na gari likapona. Hili halikupona.

Kila bakuli la BST, panapokaa petroli na floti, lina chuchu ya kumwagia petroli chini yake. Nilivalisha mpira mwangavu, nikausimamisha ubavuni mwa bakuli, nikalegeza skrubu na kuwasha pampu. Kabureta tatu zilipanda zikasimama. Ile ya silinda ya tatu ilipanda, ikasita, kisha ikaendelea kupanda taratibu, kama chai inayotaka kufurika. Sindano ikikwama wazi hufurika mara moja. Mwendo ule wa polepole ulinionyesha kwamba petroli inapenya mahali padogo.

Floti niliitikisa sikioni, hakuna kilichocheza ndani. Ncha ya sindano haikuwa na alama ya kulika. Ikabaki siti, tundu ambalo sindano hulifunga. Kwenye kabureta hizi siti haifungwi kwa nyuzi. Imechomekwa tu, na oringi, pete ya raba, ndiyo inayoziba pembeni. Nilizipindua kabureta, nikadondosha mafuta ya taa kuizunguka siti, nikabana sindano kwa kidole na kupuliza kwenye njia ya petroli. Mapovu madogo yakatoka, na yalitoka ukingoni, si katikati. Katikati ingekuwa sindano. Oringi ilipochomoka ilikuwa ngumu kama ganda la kalamu, upande mmoja bapa. Nilibadilisha zote nne kwa za vitoni, raba inayostahimili petroli. Ile raba ya mafundi bomba usiijaribu, petroli huivimbisha.

Lakini kilichokuwa kinanisumbua ni hiki: petroli inayopenya tone tone injini ikifanya kazi huchomwa, moshi ukawa mweusi kidogo, yakaisha. Silinda nzima ilijaaje? Kwenye Bandit kuna koki ya vakyumu chini ya tangi, inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizima, koki inajifunga. Kwenye Corolla koki haikuwepo, na tangi liko nyuma, chini ya kabureta, kwa hiyo petroli haiwezi kujimimina yenyewe. Lazima pampu ilikuwa inasukuma injini ikiwa imezima. Nilifuata waya wake chini ya kapeti hadi dashibodini. Alikuwa ameuunga kwenye waya wa redio.

Nilipomuuliza, alicheka kwa aibu. Kila jioni huegesha mbele ya nyumba, anazima injini, anasikiliza taarabu.

Niliifungia pampu relei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayopata umeme wakati wa kupiga stata tu, kisha inashikiliwa na swichi ya presha ya oili. Injini ikizima, pampu nayo inazima. Mnifolda wa ekzozi wa 4K, bomba la moshi lenye moto mkali, uko chini ya kabureta palepale, kwa hiyo nilikausha kila tone kabla ya kuwasha. Oili na filta vilibadilishwa, na baada ya kilomita kama 200 nikaimwaga tena, maana petroli iliyobaki kwenye mifereji haitoki kwa mara moja.

Redio niliirudishia waya wake, peke yake.