Figili za rangi Mwanza: tafuta kivuli kwanza, rangi baadaye

Figili ni mboga ya mizizi inayopenda ubaridi. Hustawi vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 20, na huku kwetu ziwani mchana hucheza kwenye 27 au 28 karibu mwaka mzima. Kinachowadanganya wengi ni kwamba mbegu huota vizuri tu hata kwenye joto. Siku ya nne tuta limeshakuwa kijani, wiki ya tatu majani yanapendeza, ukivuta unakuta mkia wa panya.

Kwa hiyo anza na jua la mchana. Kwenye viwanja vya mawe, kama Isamilo, Igogo au Mabatini, jiwe linaweza kukusaidia au kukuharibia, inategemea uko upande gani. Tuta lililo mashariki mwa jiwe kubwa hupata jua la asubuhi, kisha kuanzia saa saba au nane linaingia kivulini. Upande wa magharibi jiwe hupigwa na jua hadi jioni, halafu usiku linaendelea kutoa joto lile lile juu ya udongo. Huko panda bamia. Kama uko sehemu ya wazi, tanguliza mstari wa mahindi upande wa magharibi wiki nne au tano kabla, au funga neti ya kivuli ya asilimia 30 kwa urefu wa mita moja hivi. Usizidishe kivuli: chini ya saa sita za jua mmea hutoa majani tu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, usiku unapopoa, mradi una maji ya uhakika. Masika inawezekana, ila mvua kubwa husukuma mbegu nje ya mistari, na ikikauka huacha ukoko mgumu juu ya udongo. Septemba mimi ningeiacha.

Ukisoma maelekezo ya Ulaya utaona wanaogopa siku ndefu za kiangazi kwa sababu huzifanya figili zitoe maua mapema. Hapa siku ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, hivyo hiyo si hofu yetu. Zikitoa maua, sababu ni joto, kiu, au umechelewa kuvuna.

Kuhusu mbegu: duka la pembejeo ukisema "figiri" unaweza kupewa ile ya majani. Sema unataka ya mizizi, na uangalie picha kwenye paketi. Cherry Belle ni nyekundu, ya mviringo, siku 22 hadi 28, na ndiyo inayosamehe makosa. French Breakfast ni ndefu kidogo, nyekundu yenye ncha nyeupe, lakini huchoka haraka kwenye joto. Easter Egg ni mchanganyiko wa nyekundu, waridi, zambarau na nyeupe katika paketi moja, na kwa bustani ya nyumbani ndiyo yenye raha zaidi. Zlata ina ganda la njano. Black Spanish ni nyeusi nje, nyeupe ndani, kali kweli. Watermelon ni ya kijani kibichi na nyeupe nje, waridi iliyokolea ndani. Yenyewe inataka siku 50 hadi 60. Ukiivuna changa, au ikikulia kwenye joto kali, ndani utakuta rangi imepauka.

Udongo wa kichanga wa vilimani, ule Wasukuma wanaouita luseni, ni mzuri kwa mizizi kwa sababu ni laini, lakini haushiki maji wala chakula. Changanya nusu debe ya samadi iliyooza kabisa kwa kila mita ya mraba, ndani ya sentimita 15 za juu. Samadi mbichi hupasua mzizi matawi mawili matatu na kuongeza majani. Urea usiguse, nayo huongeza majani. Kwenye mbuga, udongo mweusi, inua tuta sentimita 20 na uchanganye mchanga na maganda ya mpunga. Magugu maji yaliyokaushwa ni matandazo mazuri, ila yale yaliyoota karibu na mitaro ya mjini yaache huko. Mmea ule hufyonza metali nzito, na figili ni mzizi unaoliwa mbichi.

Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15, kina sentimita moja, mbegu moja kila sentimita mbili. Majani mawili ya kwanza yakifunguka, punguzia: ndogo zibaki sentimita 5, Watermelon na Black Spanish 12 hadi 15. Hapa ndipo watu huona huruma na kuharibu tuta zima. Miche iliyobanana haijazi mizizi, hata uipe nini. Kata kwa mkasi badala ya kung'oa ili usitikise majirani. Ulivyokata vipike na mchicha.

Maji: lita 5 hadi 8 kwa mita ya mraba kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni, kwa keni yenye matundu madogo. Ukiruka siku mbili kisha ukalowesha sana, mzizi hupasuka. Kiu ya muda mrefu huifanya iwe kali na ya nyuzinyuzi.

Majani yakitobolewa vitundu vidogo kama vya sindano, tazama saa nne asubuhi: utaona vimbawakavu vyeusi vinavyoruka ukigusa jani. Miche michanga ndiyo hufa. Funika tuta tangu siku ya kupanda kwa chandarua kilichochakaa, kingo zizikwe kwenye udongo. Wadudu mafuta chini ya majani waoshe kwa maji ya sabuni. Mche ukikatwa usiku usawa wa ardhi, chimbua hapo hapo, utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja. Na usipande palipotoka kabichi, chainizi au sukuma wiki; ni ukoo mmoja, wadudu ni wale wale.

Zile ndogo zivune bega likitokeza juu ya udongo na kufika sentimita 2 hadi 3. Wiki moja ya kuchelewa, ndani inakuwa sponji. Panda kidogo kila siku kumi badala ya tuta zima mara moja.

Jikoni, usizipike kama unataka rangi, maana huishia kwenye maji. Zikate nyembamba, nyunyiza chumvi kidogo kupunguza ukali, kisha kamulia ndimu: vipande vya Watermelon hukolea waridi mbele ya macho yako. Na sato wa kukaanga, hiyo ni kachumbari tosha. Zilizokupita zikatoa maua, ziache: maganda yake mabichi ya mbegu yanaliwa. Mbegu zake usitegemee kama una aina zaidi ya moja, nyuki watakuwa wameshazichanganya.